PORA AU TEMBE? USIMPE KIFARANGA JINA KABLA YA WAKATI

Hebu niwaulize swali moja kabla sijaanza. Kiswahili kina majina mangapi ya kuku? Usikimbilie kusema moja!

Kuku akitoka kwenye yai huitwa kifaranga. Akikua kidogo, dume huitwa pora na jike huitwa tembe. Pora akishaanza kuwika, huyo amekuwa jogoo, na wengine humwita jimbi. Tembe akishaanza kutaga amekuwa mtetea, jina linalotokana na ile sauti ya kutetea anapotafuta mahali pa kutagia. Mtetea aliyekwisha kuangua na kulea huitwa koo.

Sasa tazama jambo hili. Katika majina hayo yote, kifaranga peke yake hana dume wala jike. Wazee waliotuachia lugha hii hawakuwa wavivu wa kubuni maneno. Walifuga kuku, wakajua kwamba siku za mwanzo huwezi kumtambua kwa macho, kwa hivyo wakangoja. Mimi sikungoja, na ndiyo sababu ninaandika makala haya.

KOSA LILILONIFUNZA

Nyanya yangu, kule Kakamega, alikuwa na koo mmoja mwekundu. Mwezi wa Juni koo huyo aliangua vifaranga 11. Mwewe akanyakua 2, wakabaki 9. Nilipofika nyumbani likizo ya Agosti walikuwa wamefikisha wiki 8 hivi. Nyanya akaniambia, "Mjukuu wangu, chagua mapora uwauze sokoni, upate nauli na madaftari. Matembe uniachie mimi."

Basi mimi, mwanafunzi wa kidato cha pili, nikajiona mtaalamu. Nikawatazama asubuhi moja tu. Waliokuwa wakirukiana na kupigana nikasema hawa ndio mapora. Waliokuwa watulivu nikasema hawa ni matembe. Nikawafunga miguu wapiganaji 5, huyoo sokoni! Wawili wakanunuliwa na jirani yetu, na watatu wakachukuliwa na mchuuzi.

Desemba nikarudi. Alfajiri ya kwanza nikaamshwa na kuwika kwa majogoo, tena si mmoja, watatu! Kumbe kati ya wale 4 niliomwachia nyanya, tembe alikuwa mmoja peke yake. Jioni yake jirani yetu akaja na mayai 6 ndani ya kikapu, akasema, "Mama, wale kuku wawili wameanza kutaga, nikaona nawe uonje." Nyanya akapokea kwa mikono miwili, akashukuru. Jirani alipoondoka hakunigombeza hata kidogo. Alisema tu, "Umeuza mayai ya mwaka mzima."

Hebu fanya hesabu nami. Kuku wa kienyeji anayejitafutia chakula hutaga kama mara 3 kwa mwaka, mayai 10 hadi 15 kila mara. Tukichukua 12, huyo mmoja atatupa mayai 36. Wale wawili wa jirani pekee ni mayai 72, na hapo sijawagusa wale watatu wa mchuuzi, wala vifaranga ambao wangeanguliwa. Na nyanya amebaki na majogoo watatu wanaokula mahindi na kupigana, ilhali mmoja angemtosha.

Tangu siku hiyo nimeuliza, nimesoma, na nimefuga vifaranga kwa mikono yangu mwenyewe. Niliyoyapata ndiyo haya.

KWANZA AISHI

Wahenga walisema kwamba kuku wa mkata hatagi, akitaga haangui, akiangua halei, na akilea hunyakuliwa na mwewe. Tunaicheka methali hii, lakini imetaja hatua zote ambazo kuku anaweza kupotea. Haina faida kujua pora na tembe ikiwa kifaranga atakufa wiki ya pili. Wengi hufa katika wiki 8 za kwanza, na sababu ni zile zile: baridi, njaa, magonjwa na maadui.

Tuanze na baridi. Kifaranga wa siku moja amevaa manyoya laini kama pamba, na manyoya hayo hayazuii baridi. Akiwa na mama yake hujificha chini ya mbawa. Ukimnunua bila mama, wewe ndiwe mbawa. Wiki ya kwanza anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 za sentigredi. Baada ya hapo punguza kama nyuzi 3 kila wiki hadi aote manyoya kamili.

Huna kipimajoto? Usijali, vifaranga wenyewe watakuambia. Wakirundikana chini ya taa au kando ya jiko, wanaona baridi. Wakikimbia mbali na joto, midomo wazi na mabawa yamelegea, wanaungua. Wakijibanza wote upande mmoja, kuna upepo unaoingia upande wa pili. Wakitawanyika, wengine wakila, wengine wakilala, hapo joto ni la kutosha. Nenda ukawatazame usiku pia, maana baridi ya alfajiri ndiyo inayoua.

Mahali pa kuwalelea pawe na umbo la mviringo. Chukua makatoni au mabati mepesi, uyazungushe. Kwenye pembe vifaranga hurundikana wakipata baridi au hofu, na wa chini hukosa pumzi wakafa. Chini tandika maranda ya mbao au nyasi kavu zilizokatwakatwa, juu yake utandike gunia kuukuu kwa siku chache za mwanzo. Usitandike karatasi laini inayoteleza, kwa sababu miguu yao hutanuka huku na huku, na kifaranga aliyetanuka miguu huenda asisimame tena.

Kwa joto wengine hutumia taa ya umeme, wengine kandili, na wengi wetu jiko la makaa. Ukitumia jiko, acha nafasi ya hewa juu ya ukuta. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua vifaranga na watu pia. Usilale katika chumba hicho hata kwa dakika moja! Walio na vifaranga wachache wanaweza kutengeneza sanduku lenye kuta mbili, katikati ya kuta wakajaza nyasi kavu. Vifaranga wakilala humo usiku, joto la miili yao huhifadhiwa na nyasi hizo, bila makaa wala mafuta ya taa.

MAJI NA CHAKULA

Kifaranga huanguliwa akiwa amebakiwa na kiini cha yai tumboni, na kiini hicho chaweza kumlisha kwa siku 2 au 3. Ndiyo sababu vifaranga wa siku moja huweza kusafirishwa kwa basi kutoka mbali wakafika wazima. Lakini wakifika, kwanza wape maji ya uvuguvugu yenye glukosi au sukari kidogo, kisha chakula. Chombo cha maji kiwe cha kina kifupi, ukitie vijiwe ndani, wasije wakazama.

Kwa wiki 8 za mwanzo wape unga wa vifaranga, ule wenye protini nyingi. Kifaranga mmoja wa kuku wa mayai atakula kama kilo 2 katika muda huo. Ukiwa huna pesa za unga huo, usimpe mahindi yaliyosagwa peke yake ukadhani umemlisha. Mahindi yana nguvu lakini protini yake ni haba. Changanya na omena iliyosagwa, mchwa, na mboga za majani. Tena usiwape vifaranga unga wa kuku wanaotaga. Unga huo umetiwa chokaa nyingi ya kutengenezea maganda ya mayai, na chokaa hiyo huharibu figo za kifaranga.

Hapa ndipo utaona kwamba kutambua pora na tembe si mchezo. Wakifikisha wiki 18 hivi, tembe huanza kuandaliwa kwa chakula cha kutagia, nacho ni ghali. Ukiwa hujui nani ni nani, utawalisha majogoo chakula cha mayai, na jogoo hatatoa yai hata ukimbembeleza.

MAGONJWA NA MAADUI

Ugonjwa mkubwa kuliko yote kwa kuku wa kienyeji ni kideri, ambao wafugaji wengi nchini huuita Newcastle. Huja kwa ghafla, kuku wakahara kijani, wakapinda shingo, na kwa siku chache boma zima likabaki bila kuku. Hauna dawa. Una chanjo tu, nayo hutolewa kwa tone la jicho au ndani ya maji, kisha hurudiwa kama afisa wa mifugo anavyoshauri. Kuna pia Gumboro, unaoshambulia hasa kuku wadogo, nao una chanjo yake. Chanjo huwekwa mahali pa baridi. Ukiinunua mjini ukaibeba mfukoni juani, umenunua maji.

Ukiona kinyesi chenye damu, vifaranga wamenyong'onyea na kushusha mabawa, hiyo ni koksidia. Ugonjwa huu hupenda unyevu. Ondoa maranda yaliyolowa, weka makavu, na umwone afisa wa mifugo upesi akupe dawa, kwa sababu huu una tiba ukiwahi.

Maadui mnawajua: mwewe, kunguru, paka, nguchiro, kicheche, panya, na siafu. Mwewe na kunguru huja mchana. Kwa hivyo wiki za kwanza mfunike koo na wanawe chini ya tenga, uwape chakula na maji humo humo. Kicheche na panya huja usiku, nao huzuiwa kwa banda lisilo na matundu. Siafu wakija, majivu yaliyomwagwa kuzunguka banda huwapunguza, lakini ni heri kuwahamisha vifaranga.

UWONGO TULIOZOEA KUSIKIA

Haya, vifaranga wamepona. Sasa kila mtu kijijini atakuja na maarifa yake.

Atakuja wa kwanza akuambie kwamba yai lenye ncha kali hutoa jogoo na yai la mviringo hutoa mtetea. Uwongo huu ni mzee sana. Aristotle, yule mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliandika zaidi ya miaka 2,300 iliyopita kwamba mayai marefu yenye ncha hutoa majike, na ya mviringo hutoa madume. Pliny, Mrumi aliyeishi katika karne ya kwanza, akaandika kinyume chake! Wakubwa wawili wakipingana hivyo, mjue kwamba wote walikuwa wakibahatisha. Umbo la yai hutokana na mwili wa kuku anayelitaga. Ndiyo maana mtetea mmoja hutaga mayai yanayofanana, na ndani yake hutoka mapora na matembe pia.

Wa pili atakuja na sindano na uzi, aining'inize juu ya yai. Ikizunguka ni tembe, ikienda mbele na nyuma ni pora. Sindano hiyo huchezeshwa na mkono ulioishika.

Wa tatu atamshika kifaranga miguu, kichwa chini. Ati akitulia ni jike, akipapatika ni dume. Jamani, hata wewe ukining'inizwa utapapatika!

Na wa nne ni mimi, niliyesema kwamba anayepigana ni pora. Vifaranga wote hupigana. Wanatafuta nani atakula kwanza, na matembe hawabaki nyuma katika vita hivyo.

MBONA WENYE VIWANDA HUJUA SIKU YA KWANZA?

Mtu ataniuliza, "Kama haiwezekani, mbona ukiagiza vifaranga wa kuku wa mayai huletewa majike matupu?" Swali zuri. Kuna njia tatu zinazotumika kwenye viwanda vya kuangulia vifaranga.

Njia ya kwanza ni kufunua tundu la haja la kifaranga wa siku moja na kutazama kiungo kidogo mno kilichomo ndani. Wataalamu wa Japani, akiwemo Kiyoshi Masui, ndio walioieleza njia hii katika miaka ya 1920, na dunia ikaisikia kwenye mkutano mkuu wa kuku uliofanyika Ottawa, Kanada, mwaka wa 1927. Aliyefunzwa vizuri huweza kuwapitia vifaranga wapatao 1,000 kwa saa moja na akakosea wachache tu. Lakini mafunzo yake ni marefu. Ukijaribu wewe na mimi, tutamtoa kifaranga matumbo. Tafadhali usijaribu.

Njia ya pili ni rangi. Hapa wenzangu wa somo la bayolojia mkae vizuri. Kwa binadamu, baba ndiye anayeamua kama mtoto ni wa kiume au wa kike, kwa sababu yeye ana kromosomu X na Y. Mabwana wanaowalaumu wake zao kwa kuzaa wasichana watupu wamekosea mlango. Kwa kuku mambo yamegeuka: jike ndiye mwenye kromosomu mbili tofauti, Z na W, na jogoo ana Z mbili. Mama kuku humpa mwanawe wa kiume Z, na humpa binti yake W. Kwa hivyo tabia yoyote iliyobebwa juu ya Z ya mama huenda kwa wana wa kiume peke yao.

Wataalamu walitumia siri hiyo. Chukua jogoo mwekundu umpandishe mtetea wa rangi ya fedha wa koo zilizochaguliwa kwa kazi hiyo. Matembe watatoka na rangi ya kahawia ya baba yao, na mapora watatoka weupe au manjano hafifu kwa kufuata mama. Kuku wengi wa kahawia wa mayai tunaowaona hapa Kenya hutokana na mpango wa namna hiyo. Vivyo hivyo jogoo mwekundu akimpanda mtetea mwenye madoadoa ya mistari, vifaranga wote hutoka weusi, lakini mapora wana doa jeupe kichwani na matembe hawana. Angalia lakini: hila hii hufanya kazi katika uzao wa kwanza tu. Ukiwazalisha hao kuku wa kahawia nyumbani kwako, rangi ya wana wao haitakuambia tena ukweli.

Njia ya tatu ni mabawa. Katika koo fulani zilizozalishwa makusudi, matembe huanguliwa na manyoya ya bawa yaliyo marefu kwa chini na mafupi kwa juu, ilhali ya mapora hulingana. Watu wengi wamesikia habari hii, wakaanza kuwakunjua mabawa vifaranga wa kienyeji. Hapo ni kupoteza wakati. Kuku wetu wamechanganyika damu miaka na miaka, kwa hivyo rangi na bawa haviwezi kukuambia lolote la hakika.

Na hao mapora wa kiwandani huenda wapi? Hawatagi, na hawanenepi upesi kama kuku wa nyama. Katika nchi nyingi huuawa siku ile ile ya kuanguliwa. Ujerumani ilipiga marufuku jambo hilo kuanzia mwaka wa 2022, na Ufaransa nayo ikafuata. Siku hizi huko kuna mitambo inayolichunguza yai kabla halijaanguliwa. Sisi wa kijijini hatuna mitambo, lakini pia hatuna haja ya kumuua pora. Tunachohitaji ni macho na subira.

ISHARA ZA KWELI, WIKI KWA WIKI

Wiki 1 hadi 3. Usiseme kitu. Mwite kifaranga.

Wiki 4 hadi 6. Anza kutazama kichwa. Ile nyama ya kichwani huitwa undu, na wengine huiita upanga. Kwa pora undu huanza kukua na kuwa wa waridi, kwa tembe hubaki mdogo na wa manjano hafifu. Tazama na mkia: mara nyingi tembe huota mkia mapema, na pora hubaki na kijikia kifupi. Lakini usiamue bado. Andika dhana yako kwenye daftari, umfunge kila mmoja uzi wa rangi mguuni, bila kukaza.

Wiki 7 hadi 9. Sasa undu wa pora umekuwa mwekundu, na zile ndevu za nyama chini ya kidevu zimeanza kuning'inia. Miguu yake ni minene na mirefu, na husimama kifua mbele kama askari. Tembe ana miguu myembamba, na mwili wake umelala kidogo. Walinganishe wa rika moja na wa mama mmoja. Ukimlinganisha wa wiki 7 na wa wiki 9 utajidanganya. Tena kuna kuku wenye undu bapa au mdogo kwa asili, nao hukawia kuonyesha.

Wiki 10 hadi 14. Hii ndiyo ishara ninayoiamini kuliko zote. Mshike kuku taratibu, utazame manyoya ya kiunoni, pale mgongo unapokutana na mkia. Ya pora ni membamba, yenye ncha, yanayong'aa, nayo huning'inia pande zote mbili. Ya tembe ni mapana, na ncha zake ni za mviringo. Manyoya ya shingoni nayo hufuata kanuni hiyo hiyo, isipokuwa kwa kuku kishingo, ambaye shingo yake haina manyoya. Huyo mtazame kiuno peke yake.

Baada ya wiki 14. Pora huota manyoya marefu ya mkia yaliyopinda kama mundu, huanza kujaribu kuwika kwa sauti ya kukwaruza, na kipi, yaani ule mwiba wa mguuni, huanza kuchomoza. Jihadhari hapa na kosa jingine: tembe akikaribia kutaga, undu wake nao huwa mwekundu. Kwa hivyo kuku wa miezi 5 mwenye undu mwekundu huenda akawa mtetea wa wiki ijayo. Mtazame kiuno kwanza!

Kanuni yangu ni hii: ishara moja ni dhana, ishara tatu ni ushahidi. Undu, miguu, na manyoya ya kiunoni vikikubaliana, mwuze au mweke bila hofu. Visipokubaliana, ngoja wiki mbili umtazame tena.

MAPORA TUWAFANYEJE?

Usimdharau pora. Jogoo mmoja hutosha mitetea 10 hivi, na bila yeye mayai hayaanguliwi. Chagua pora mmoja bora, mkubwa na mwenye afya, kisha ubadilishane na mtu wa kijiji kingine, ili asiwapande dada zake. Kuku wa damu moja wakizaliana mwaka baada ya mwaka, vifaranga huwa dhaifu. Wazo hili si geni hapa kwetu. Mpango wa taifa wa kuendeleza kuku, ulioanza mwaka wa 1976 kwa msaada wa Uholanzi, ulikuwa na sehemu ya kuwabadilishia wakulima majogoo yao ya kienyeji kwa majogoo walioboreshwa.

Mapora wengine walishe hadi wafikie miezi 5 au 6, kisha wauze wakati wa sikukuu ambapo bei hupanda. Aliyewauza wakiwa na miezi 2, kama mimi, amepata nusu ya pesa na, asipoangalia, ameuza matembe kwa bei ya mapora.

TAMATI

Likizo iliyofuata koo yule mwekundu aliangua tena, vifaranga 10. Nyanya akaniita, akanipa nyuzi za rangi, akasema, "Sasa wewe ndiwe mwenye daftari." Nikaandika dhana zangu wiki ya 6. Wiki ya 12, ndugu yangu mdogo aliyebaki nyumbani akawashika mmoja mmoja na kutazama viuno. Je, mwajua? Katika 10, dhana zangu 3 zilikuwa za makosa. Kama tungaliuza wiki ya 6, nyanya angalipoteza matembe tena.

Wenzangu, ukifika nyumbani likizo hii, uwakute vifaranga uwanjani, na mzazi akuambie, "Chagua mapora," usione haya kujibu, "Tungoje kidogo." Wiki sita za kungoja zitakugharimu debe la chakula. Kukosea kutakugharimu mayai ya mwaka mzima.

Mvumilivu hula mbivu, na mfugaji mvumilivu hula mayai.